Saladi ya Januari: Namna ya Kuotesha Mboga za Majani kwenye Sanduku la Kioo, Kusini mwa Maine

Mtu aliyelima mboga Bukavu, Bujumbura au Morogoro, ambako mwenye maji hupanda mwezi wowote autakao, hufika Maine, jimbo la Marekani, na kukuta bustani za majirani zimelala kuanzia Novemba hadi Mei. Katika miezi hiyo saladi ya dukani hutoka California na Arizona, safari ya maelfu ya kilomita, na mara nyingi majani yake yamekwisha kulegea kabla hayajafika mezani. Hata hivyo, sanduku la mbao lisilo na kitako, likiwekwa juu ya udongo na kufunikwa kwa dirisha la zamani, linatosha kuipatia familia bakuli la mboga mbichi mara moja au mbili kwa wiki katikati ya theluji, bila umeme na bila jiko la kupasha joto. Mwongozo huu umeandikwa kwa kufuata hali ya Portland, Lewiston na miji inayozunguka, ambako wapo wazungumzaji wengi wa Kiswahili waliotoka Kongo, Burundi na Rwanda. Aliyeko Minnesota au Ontario anaweza kuutumia pia, mradi arekebishe tarehe kwa mujibu wa baridi ya kwao.

Kabla ya kununua ubao hata mmoja, ni lazima jambo moja lieleweke, kwa kuwa wasiolielewa hukata tamaa mwaka wa kwanza. Sanduku halikuzi mboga mwezi wa Januari. Kazi yake ni kuzitunza zikiwa hai mboga zilizokua Agosti, Septemba na Oktoba, ili zivunwe kidogo kidogo. Sababu yake ni mwanga zaidi kuliko baridi. Portland iko karibu nyuzi 43.7 kaskazini mwa ikweta, sambamba na mji wa Nice ulioko kusini mwa Ufaransa, kwa hiyo jua la miji hii miwili linalingana kwa saa za kuwaka. Tofauti yao ni joto, na joto ndilo sanduku linaloweza kulisaidia. Mwanga haliwezi kuuongeza. Kuanzia wiki ya kwanza ya Novemba hadi wiki ya kwanza ya Februari, mchana wa Portland ni mfupi kuliko saa 10, na mwishoni mwa Desemba unakaribia saa 9 tu, jua likizama saa 10 na dakika chache alasiri. Mchana ukiwa mfupi kiasi hicho, mboga nyingi za majani hukaribia kusimama kukua, hata zikifunikwa vizuri namna gani. Mmea ulioingia Novemba ukiwa na majani mawili utabaki na majani mawili hadi Februari, lakini ulioingia ukiwa umefikia robo tatu ya ukubwa wake utavunwa majira yote ya baridi. Kazi yote iliyobaki inafuata kanuni hiyo.

Mahali pa kuliweka sanduku

Sisi tuliokulia karibu na ikweta tumezoea jua la utosini, na macho yetu hutudanganya tunapochagua mahali mwezi wa Julai. Mwezi Juni saa 6 mchana jua la Portland huwa juu sana, karibu nyuzi 70 kutoka upeo wa macho, na ua wa jirani hautii kivuli cha maana. Karibu na Desemba 21, saa ileile, jua hufika nyuzi 23 tu. Uzio wenye kimo cha mita 2 hutupa kivuli cha karibu mita 5 upande wa kaskazini, na nyumba ya ghorofa mbili huweza kuifunika bustani nzima. Simama basi mahali unapopakusudia, utazame kusini, na upime kwa mkono ulionyooshwa: ngumi moja ni takribani nyuzi 10, na chochote kinachosimama juu zaidi ya ngumi mbili kutoka upeo wa macho kitakunyima jua la Desemba. Miti inayopukutisha majani si kikwazo kikubwa, ijapokuwa matawi yake nayo hupunguza mwanga. Misonobari ni kikwazo kamili.

Ukuta wa kusini wa nyumba ndio unaopendwa na wengi, kwa sababu hurudisha joto na kuzuia upepo wa kaskazini. Mimi naukubali kwa masharti mawili. Kwanza, sanduku lisikae chini ya ukingo wa paa, kwa sababu theluji ya paani huteremka kwa mkupuo mmoja na kuvunja kioo, na maji yake yakiyeyuka hudondokea mahali palepale na kuganda usiku. Pili, na hili ni zito zaidi, udongo wa kando ya nyumba za zamani mara nyingi una madini ya risasi. Rangi yenye risasi ilipigwa marufuku katika nyumba za makazi za Marekani mwaka 1978, na sehemu kubwa ya nyumba za Portland na Lewiston zilijengwa na kupakwa rangi mara nyingi kabla ya hapo. Vipande vilivyobambuka viko bado ardhini, na risasi huwadhuru zaidi watoto wadogo. Peleka sampuli ya udongo kwenye maabara ya Chuo Kikuu cha Maine iliyoko Orono na uombe kipimo cha risasi pamoja na kile cha rutuba. Majibu yakiwa mabaya, sogeza sanduku mbali na ukuta, au tandika kitambaa kizito cha bustani na ujaze juu yake udongo mpya na mboji kwa kina cha sentimita 25 au 30.

Mpangaji apate ruhusa ya mwenye nyumba mapema. Inasaidia kumweleza kwamba sanduku halina msingi, limefungwa kwa skurubu, na linaweza kufunguliwa na kuondolewa kwa muda wa nusu saa.

Kulitengeneza

Vipimo vya sanduku hufuata kifuniko, kwa hiyo tafuta kwanza madirisha, kisha ndipo ukate mbao. Madirisha ya ziada ya kuzuia baridi, yale yanayoondolewa nyumba zinapokarabatiwa, hupatikana kwa bei ndogo katika maduka ya vifaa vilivyotumika, na wakati mwingine huachwa kando ya barabara. Kama fremu ni ya mbao na rangi yake ni ya zamani, ihesabu kuwa ina risasi na uiache. Fremu za alumini hazina shida hiyo. Mwenye watoto wanaocheza mpira uani atafanya vyema zaidi kununua karatasi ya polikaboneti, yaani plastiki ngumu inayopitisha mwanga, yenye kuta mbili; hupitisha mwanga pungufu kidogo kuliko kioo, lakini haivunjiki, ni nyepesi, na hewa iliyomo katikati ya kuta zake huzuia joto lisitoroke haraka.

Upana kutoka mbele hadi nyuma usizidi sentimita 120, ili mkono ufike kila mahali bila kukanyaga udongo. Urefu ni hiari yako, lakini vifuniko viwili vyepesi ni bora kuliko kimoja kizito, kwa kuwa utakuwa ukivifungua na kuvifunga karibu kila siku. Ubao wa nyuma, yaani wa kaskazini, uwe na kimo cha sentimita 30, na wa mbele usizidi sentimita 20, huku mbao za ubavuni zikikatwa kwa mshazari ili kifuniko kiinamie kusini. Wapo wanaoshauri mwinamo mkali ili kioo kilikabili jua la chini la Desemba. Hesabu yao ni sahihi, lakini sanduku lao huwa na mgongo mrefu, hewa nyingi ya kupasha joto, na mboga zilizo mbali na kioo. Mwinamo wa sentimita 10 unatosha kuteremsha maji.

Kimo cha ubao wa mbele kinastahili uangalifu kuliko watu wanavyodhani. Jua likiwa nyuzi 23, ubao wa sentimita 20 hutupa kivuli cha karibu nusu mita ndani ya sanduku, yaani zaidi ya theluthi ya kitanda chote. Dawa yake ni kuinua udongo: jaza mboji hadi uso wa udongo uwe sentimita 12 hivi chini ya kioo upande wa mbele, na kivuli kitapungua hadi sentimita 28. Paka ubao wa nyuma rangi nyeupe upande wa ndani ili mwanga unaoupiga uwarudie mimea.

Mbao ziwe nene, sentimita 4 au 5 kwa unene. Mwerezi hudumu miaka mingi. Mbao za msonobari mweupe ni rahisi zaidi kwa bei, ila baada ya miaka michache huoza chini. Usiokote mbao za zamani zenye rangi ya kijanikijani kutoka kwenye baraza zilizobomolewa. Hadi mwishoni mwa mwaka 2003 mbao za namna hiyo nchini Marekani zilisindikwa kwa dawa yenye aseniki, na hazifai kugusana na udongo wa chakula. Funga kifuniko kwa bawaba upande wa nyuma, na uweke mnyororo mfupi au ndoano, kwa sababu upepo wa Machi hunyanyua kifuniko kilicho wazi na kukibwaga upande wa pili.

Kabla ya kuliweka sanduku mahali pake, chimba kidogo na utandaze chini wavu wa chuma wenye matundu ya nusu sentimita hivi, kisha uupandishe ubavuni na kuupigilia kwenye mbao. Panya wadogo wa shambani hupita chini ya theluji bila kuonekana, na kwao sanduku lenye joto na mboga ni neema. Wakishaingia Desemba, hutawatoa. Tumia pia silikoni au vipande vya sponji kuziba nyufa kubwa, ila usijisumbue kuziba kila tundu.

Mbegu, na tarehe zake

Mchicha, ambao Wakongo huuita lengalenga, pamoja na matembele na kisamvu, hauwezi kabisa mambo haya. Jalidi ya kwanza ya Oktoba huugeuza mweusi kwa usiku mmoja. Mboga za sanduku la baridi ni zile ambazo majani yake huvumilia kuganda na kuyeyuka mara nyingi bila kufa. Mmea unaoizoea baridi pole pole hukusanya sukari katika chembe zake, na sukari hiyo huzuia maji ya ndani yasigande kwa urahisi. Ndiyo maana spinachi na karoti za Desemba huwa tamu kuliko za Julai.

Ya kwanza kwa ustahimilivu ni mashi, saladi ndogo ya majani ya mviringo inayopendwa sana Ufaransa, ambayo kwenye pakiti za mbegu huandikwa mâche. Haina ladha kali, haikui haraka, na ndiyo mboga pekee ambayo ningeipanda kama ningeruhusiwa moja tu. Mbegu zake hukataa kuota udongo ukiwa na joto, kwa hiyo zipandwe kuanzia mwisho wa Agosti hadi katikati ya Septemba, kwa kina cha nusu sentimita, na udongo ufunikwe kwa gunia lenye unyevu mpaka zitokeze.

Inayofuata ni spinachi yenyewe, ile ya majani madogo, na si ile ya bua nene jeupe inayouzwa kwa jina hilo katika masoko ya Nairobi na Dar es Salaam, ambayo hapa huitwa chard na hufa mapema zaidi. Aina ya Winter Bloomsdale imejulikana muda mrefu kwa kuvumilia baridi. Panda kati ya Agosti 20 na Septemba 10, mistari ikiachana kwa sentimita 20, na miche ikishika majani ya kweli ipunguze hadi ibaki mmoja kila sentimita 8 au 10. Itakayopandwa mwishoni mwa Septemba haitavunwa Desemba, lakini itashika mizizi, italala, na mwezi Machi itaamka kabla ya kitu kingine chochote bustanini. Nafasi yake ndogo ni ya thamani.

Saladi ya kawaida ni dhaifu kuliko hizo mbili. Aina kama Winter Density na Rouge d'Hiver hufika Desemba bila taabu, na zikifunikwa mara mbili hufika mbali zaidi, lakini vichwa vikubwa huharibika kabla ya mimea michanga. Panda mwanzoni hadi katikati ya Agosti ukitaka vichwa, au mwanzoni mwa Septemba ukitaka majani machanga ya kukata. Udongo wa Agosti ukipita nyuzi 27 za Selsiasi, mbegu za saladi hulala zisiote. Zioteshe basi ndani ya nyumba mahali penye ubaridi, kisha uhamishe miche.

Arugula, mizuna na tatsoi, mboga za majani za jamii ya kabichi, hukua upesi, kwa hiyo wiki mbili za kwanza za Septemba zinazitosha. Giligilani, ambayo Wakenya huiita dania, huwashangaza watu kwa ustahimilivu wake, na mwenye kupika pilau au kachumbari hatajuta kuitengea mstari mmoja mwishoni mwa Agosti. Sukuma wiki na kale za aina ya Red Russian hupandwa Julai na kuhamishiwa sandukuni zikiwa fupi, kwa kuwa zikiachwa zirefuke zitagusa kioo, na jani linalogusa kioo huungua kwa baridi. Karoti zipandwe katika siku kumi za kwanza za Agosti na zisihamishwe. Vitunguu vya majani vipandwe Julai. Figili zipandwe katikati ya Septemba na zivunwe zote kabla ya Desemba, kwani zikiganda hugeuka sponji.

Kwa mbegu, wenyeji wa Maine wana bahati: Johnny's Selected Seeds ya Winslow na ushirika wa Fedco wa Clinton zimo humuhumu jimboni, na katalogi zao hueleza ni aina gani zinazohimili baridi. Agiza mwezi Juni, kwa sababu Agosti aina za baridi huanza kuisha.

Tarehe hizi zinaweza kuonekana kama ukali usio wa lazima, lakini Agosti na Septemba mchana hupungua kwa dakika karibu 3 kila siku, na mmea uliochelewa kwa wiki moja wakati wa kupandwa huchelewa kwa wiki kadhaa wakati wa kuvunwa. Asiye na nafasi sandukuni kwa sababu nyanya bado zinazaa apande miche kwenye trei na kuihamisha mwishoni mwa Septemba.

Udongo upewe mboji iliyooza vizuri, sentimita 3 hadi 5 juu ya kitanda, kabla ya kupanda. Usiongeze mbolea kali ya naitrojeni wakati huu. Majani yanayosukumwa kwa naitrojeni huwa laini na yenye maji mengi, na hayo ndiyo yanayoganda kwanza.

Kufungua na kufunga

Mboga nyingi za sandukuni huuawa na joto kuliko baridi. Siku ya Novemba yenye jua kali, nje maji yakiwa yanaganda, hewa ndani ya sanduku lililofungwa huweza kupita nyuzi 30 kabla ya saa 6 mchana. Mmea uliopashwa joto kiasi hicho hulegeza ulinzi wake, hutoa majani mororo, na usiku baridi ikirudi majani hayo hufa. Zaidi ya hapo, unyevu uliofungiwa ndani hugeuka matone juu ya kioo, matone huangukia majani, na ukungu wa kijivu huanzia hapo.

Weka kipimajoto ndani, kwenye kivuli cha ubao wa mbele, kwa urefu wa mimea. Kikionyesha nyuzi 10 na jua linaendelea kupanda, fungua. Tengeneza kijiti cha ubao chenye urefu wa sentimita 20 na ukikate ngazi tatu, moja kwa sentimita 3, nyingine kwa 8, na ya mwisho kwa 15, ili ukingo wa kifuniko ukae juu ya ngazi unayoitaka bila kuteleza. Ngazi ya chini ni ya siku ya baridi yenye jua, ya kati ni ya siku ya nyuzi 5 hivi, na ya juu ni ya Oktoba na Machi. Siku ya mawingu mazito, nje ikiwa chini ya sifuri, usifungue kabisa. Funga saa 8 au saa 9 alasiri, kabla jua halijatoka kwenye kioo, ili joto lililoingia udongoni libaki humo usiku.

Wengi wetu hutoka kazini kukiwa kumeshaingia giza, na hakuna mtu nyumbani saa 4 asubuhi wa kunyanyua kifuniko. Zipo mashine ndogo zisizotumia umeme, zenye mrija uliojazwa nta. Nta ikipata joto hutanuka na kusukuma kifuniko, ikipoa hukishusha. Zinafanya kazi vizuri, ila kila moja ina kikomo cha uzito inachoweza kunyanyua, kwa hiyo kwa fremu nzito ya kioo soma maelezo kabla ya kununua. Asiye nayo asikilize utabiri wa hali ya hewa usiku: kesho ikiwa ya jua, aache ngazi ya chini kabla ya kuondoka alfajiri, hata kama wakati huo nje ni nyuzi 5 chini ya sifuri. Spinachi na mashi zitastahimili saa mbili tatu za baridi kuliko zitakavyostahimili saa mbili za kuchemshwa. Hili watu hulikubali kwa maneno na kulikataa kwa vitendo, kwa sababu moyo wa mtu wa nchi ya joto humtuma kufunika zaidi.

Usiku wa baridi kali ni suala jingine. Wastani wa chini wa Januari katika Portland ni karibu nyuzi 9 au 10 chini ya sifuri, na zipo nyusiku zinazopita nyuzi 20 chini ya sifuri. Kioo kimoja kinakupa digrii chache tu juu ya hewa ya nje. Kuanzia katikati ya Novemba tandika ndani ya sanduku, juu ya vijiti vya waya, kile kitambaa chepesi cheupe kinachouzwa kwa kufunikia mimea. Safu hiyo ya pili ndiyo inayoleta tofauti kubwa, na mwanga hupita. Nje, zungusha mifuko ya majani makavu au matita ya majani ya ngano kwenye kuta zote, kwa kuwa joto hutoka ubavuni pia. Utabiri ukitaja nyuzi 15 chini ya sifuri au zaidi, tupa blanketi kuukuu au busati zito juu ya kioo jioni, na ukumbuke kuliondoa asubuhi. Blanketi lililolowa na kuganda juu ya kioo ni kazi ya nusu siku, kwa hiyo lifunike kwa turubai.

Maji na theluji

Mwagilia kama kawaida hadi mwishoni mwa Oktoba. Kutoka katikati ya Novemba hadi mwanzoni mwa Februari huenda usimwagilie kabisa, kwa sababu mimea hainywi na udongo unapata unyevu kutoka pembeni. Chomeka kidole, udongo ukiwa mkavu hadi fundo la pili, mwagilia asubuhi ya siku ya jua, shinani, na uache kifuniko wazi majani yakauke. Ondoa kila jani la njano au lenye ukungu mara uonapo.

Theluji nyepesi juu ya kioo ni kinga nzuri dhidi ya baridi, na wakati wa wimbi la baridi kali iache hata siku nne au tano, kwani mimea iliyolala haihitaji mwanga mwingi. Theluji nzito yenye maji iondolewe mara moja kwa ufagio laini. Koleo la chuma lisiguse kioo, na barafu iliyoshika isigongwe, jua litaiachisha. Toa theluji pia mbele ya sanduku, upande wa kusini, isije ikarundikana kuliko ubao na kuleta kivuli.

Wadudu ni wachache katika baridi. Konokono wasio na gamba hujificha chini ya ukingo wa ubao, na vidukari huweza kujitokeza Februari kama sanduku halipati hewa.

Kuvuna

Asubuhi ya Januari, saa 1, jani la spinachi huwa gumu, limelala chapa juu ya udongo, rangi yake ya kijani imekolea mpaka inakaribia nyeusi, na ukilikunja hulia na kuvunjika. Ukilikata wakati huo na kulipeleka jikoni, litayeyuka na kuwa rojo kwenye sinia. Subiri. Kufikia saa 5 au 6, jua likiwa limepiga kioo na hewa ya ndani imevuka sifuri, maji yaliyoganda nje ya chembe hurudi ndani yake, jani huinuka, na hapo linaweza kukatwa bila dosari. Siku ambayo ndani hakuyeyuki kabisa, usivune.

Spinachi na kale zichumwe majani ya nje, moja moja, kwa kubana kikonyo karibu na udongo, na majani madogo ya katikati yaachwe. Mashi hukatwa shada zima kwa kisu chini kidogo ya uso wa udongo, na haichipui tena. Saladi changa na arugula hukatwa kwa mkasi sentimita 3 juu ya udongo. Mwezi wa Oktoba zitachipua tena, lakini kata ya Desemba ihesabu kuwa ya mwisho hadi Februari. Kwa hiyo gawanya kitanda kwa macho mnamo Novemba na uchume kwa kiasi, ukijua kilichopo ndicho utakachokula kwa miezi mitatu. Sanduku la sentimita 120 kwa 240 haliwezi kulisha nyumba ya watu sita kila siku, na ahadi za namna hiyo zisikudanganye.

Kuanzia Februari

Mchana ukipita saa 10, karibu na Februari 5, mimea huanza tena kusogea, kwanza kwa siri kisha kwa kasi, na mwezi Machi spinachi iliyolala hutoa majani mapana mfululizo. Mwagilia tena, ongeza safu nyembamba ya mboji kati ya mistari, na utoe kitambaa cha ndani usiku unapoacha kushuka sana. Pale palipovunwa mashi, panda figili na saladi mwanzoni mwa Machi. Mwenye haraka anaweza kufuata ufundi wa wakulima wa mboga wa Paris wa karne ya 19, ambao walitandaza samadi mbichi ya farasi chini ya masanduku yao na kupanda juu ya tabaka la udongo, wakitumia joto la samadi inayooza. Mashamba ya farasi ya Maine hutoa samadi hiyo bure, ila ihakikishwe kwamba nyasi walizolishwa hazikupuliziwa dawa ya kuua magugu, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo hupita tumboni na kuharibu mimea.

Kufikia katikati ya Mei spinachi itaanza kurefuka na kutoa maua. Ing'oe yote bila huruma. Kabla ya hapo, mwishoni mwa Aprili, kona moja ya sanduku itumike kuotesha lengalenga, ambayo ikipandwa nje moja kwa moja husubiri Juni, na kona nyingine ikomaze miche ya nyanya na biringanya kwa kuiacha wazi mchana na kuifunika usiku kwa siku saba hadi kumi. Mwezi Juni ondoa vifuniko kabisa. Osha vioo kwa maji na siki ili uchafu usiibe mwanga msimu ujao, kaza skurubu za bawaba, na uvihifadhi vikiwa vimesimamishwa kwa ubavu juu ya ubao, ndani ya banda, kwani kioo kilicholazwa chali hupasuka kwa uzito wa kitu cha kwanza kitakachowekwa juu yake.